Sumu Iliyolazwa

Mto Mkuju uko Namtumbo, mkoani Ruvuma, mbali na harufu ya chumvi. Lakini maji yake huifuata njia ya Luwegu, na Luwegu ikikutana na Kilombero huwa Rufiji, nayo Rufiji humwagika baharini penye mikoko, kaskazini tu ya Kilwa. Kwa hivyo urani ya Mkuju ni habari ya pwani pia. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia eneo la machimbo limegwe kutoka Pori la Akiba la Selous. Julai 2025 kiwanda cha majaribio kikazinduliwa. Haidaiwi kwamba maji yamekwisha kuchafuka. Linaloulizwa ni jingine: je, mwenye dawa ana ruhusa ya kuyachezea maradhi?

Maana dawa, yasemwa, ipo. Mwaka 1991 Derek Lovley na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa jamii ya Geobacter, waishio pasipo hewa, huigeuza urani iliyoyeyuka majini ikawa ngumu, ikatuama mchangani. Mwaka 2002, huko Rifle, Colorado, palipokuwa na kinu cha urani zamani, wataalamu walitia ardhini asetati, chumvi itokanayo na asidi ya siki, kuwalisha vijidudu hao. Siku chache tu, urani majini ikapungua. Baadaye bakteria wa jamii nyingine wakashika nafasi, na urani ikapanda tena.

Basi neno “kusafisha” halina budi litumiwe kwa hadhari. Urani haikuondoka; imelazwa. Oksijeni ikiifikia, huamka ikayeyuka upya. Na kuisubiri ife ni kazi bure, kwani nusu tu ya urani-238 huchukua yapata miaka bilioni 4.5 kwisha. Anayewategemea bakteria ameahidi kulisha, kupima na kukesha, tena ameahidi kwa niaba ya watu wasiozaliwa bado. Kwa haki, sumu iliyokwisha kumwagika ni heri ilazwe kuliko iachwe itembee. Rifle hawakuwa na hiari. Namtumbo hiari ipo.

Kilwa yajua habari za kukesha. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtawala wa mji uliopiga sarafu zake wenyewe. Husuni Kubwa, kasri la zama zile lenye birika la pembe nane, leo ni gofu, na miaka 700 haijatimia. Hata magofu yenyewe, yaliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalihesabiwa kuwa hatarini toka 2004 hadi 2014. Na hayo ni mawe, yanayopendwa, yanayoonekana kwa macho. Sumu iliyo chini ya mchanga haina mgeni wa kuja kuitazama.

Kabla ya kusikiliza sifa za bakteria, mwenye mgodi aulizwe: machimbo yakifungwa na kampuni ikishaondoka, nani atakwenda visimani kuyapima maji, na ujira wake utatoka kwa nani?