Tezi Yenye Njaa Haichagui



Ukiwa Njombe, waulize wazee kuhusu rovu, ule uvimbe wa shingoni. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa tatizo hili, maana udongo wetu una madini joto kidogo, na tezi ya shingo inayahitaji. Ndiyo sababu siku hizi tunanunua chumvi yenye madini joto.

Sasa twende mbali kidogo. Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka na kumwaga hewani iodini 131, yaani madini joto yenye mionzi. Ikatua kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Tezi haiwezi kutofautisha iodini hii na ile salama, kwa sababu kikemia ni kitu kilekile. Ikaivuta na kuitunza. Humo ndani, kila atomu inapovunjika hurusha chembe isiyofika mbali, milimita chache tu, lakini inatosha kukata vinasaba vya seli. Miaka iliyofuata, kansa ya tezi iliongezeka sana kwa waliokuwa watoto wakati ule.

Tezi yenye upungufu huvuta zaidi. Ndiyo maana kule Poland watoto zaidi ya milioni 10 walipewa haraka iodini safi. Tezi ikishashiba, ile ya mionzi haipati nafasi.

Jamani, moyo nao uko hivyo hivyo. Kijana anashuka stendi ya Makambako kutafuta maisha, hana ndugu wala jumuiya, ana njaa ya kupendwa na ya tumaini. Usiku simu inamletea picha chafu zinazofanana na upendo, na mkeka wa kubeti unaofanana na tumaini. Anavuta. Nje anaonekana mzima, kumbe ndani kuna kitu kinakata kidogo kidogo.

Katika Mathayo 12, Yesu anasimulia nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu. Pepo akarudi na wenzake saba. Kwa hiyo kufagia tu hakutoshi. Jaza! Tafuta jumuiya ndogo ndogo ya hapo unapoishi, pokea Ekaristi, uwe na rafiki mmoja wa kumwambia ukweli.

Na kama kimeshaingia, usikae nacho kimya. Nenda kitubio Jumamosi hii.

Bwana Yesu, tushibishe wewe kwanza. Amina.