Mlinzi Asiyesinzia



Sisi tuliofundisha shule miaka mingi tunalo jambo la kuungama. Mtoto aliposinzia darasani tulimchapa, tukamwita mvivu. Hatukumwuliza alilala saa ngapi, wala kama aliamka alfajiri kuchota maji. Tulidhani mtu akilala, ubongo wake unakaa bure.

Wataalamu wametuonyesha vingine. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, wa mji wa Jena, alifaulu kuandikisha umeme hafifu wa ubongo wa mwanadamu. Akatangaza habari hiyo mwaka 1929. Umeme huo hupanda na kushuka kama mawimbi. Tukiwa macho, mawimbi ni madogo na ya haraka. Tukisinzia, hupunguza mwendo. Katika usingizi mzito huwa makubwa na ya polepole, yasiyozidi manne kwa sekunde. Ndipo mwili wa mtoto hutoa kwa wingi kichocheo cha kumkuza. Tena mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walieleza usingizi wa namna nyingine: macho hukimbia huku na huku chini ya kope, ubongo una shughuli nyingi, na ndoto huja. Mzunguko wote huchukua kama dakika 90, kisha huanza tena, mara kadhaa kwa usiku mmoja.

Basi, ni nani asimamiaye kazi hiyo? Si sisi. Tumekwisha kuweka jembe chini, wala hatuna habari. Zaburi ya 121 yatukumbusha kwamba yuko Mlinzi asiyesinzia.

Mkumbukeni Eliya chini ya mretemu (1 Wafalme 19). Alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea kwa kulala. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ilikuja baadaye.

Laiti tungalifanya hivyo sisi tulioshika fimbo! Wako watu wazima leo tuliowachapa kwa sababu ya kuchoka, tunawaomba radhi. Wazazi, mtoto apewe kazi, lakini apewe na usiku wake. Na tukimwona mtu anasinzia wakati wa mahubiri, tusimcheke. Huenda amekesha akilinda mali za wengine.

Ee Bwana, utusamehe ukali wetu, uwape waliochoka usingizi mwema. Amina.