Omar Alikwenda Kuuliza



Ndugu zangu katika imani, usiku mmoja pale Madina mlango wa Omar bin Khattab uligongwa kwa kishindo. Aliyegonga ni jirani yake wa Kiansari. Walikuwa wakipokezana zamu kwenda kwa Mtume Muhammad (s.a.w.), na mwenye zamu humpasha mwenzake yaliyojiri. Omar akatoka kwa hofu, akidhani kabila la Ghassan limevamia. Jirani akamwambia kuna kubwa zaidi: Mtume amewataliki wake zake.

Haikuwa kweli. Lakini tazameni nani aliyeileta. Si mnafiki, si adui. Ni sahaba, mtu ambaye Omar alimwamini hata kwa mambo ya wahyi. Na habari ilikuwa na mzizi, kwani Mtume alikuwa amejitenga na wakeze kwa kiapo cha mwezi mmoja. Watu waliona kujitenga, neno talaka wakaliongeza wenyewe.

Hapa ndipo simu zinapotuangusha. Tunadhani uongo huletwa na waovu tu, basi ujumbe ukitoka kwa shangazi au kwa ustadhi wa mtaani, tunausukuma moja kwa moja kwenye grupu la familia. Shangazi si mwongo. Lakini shangazi naye katumiwa, na aliyemtumia katumiwa. Picha ni ya mafuriko kweli, ila ni ya nchi nyingine, miaka iliyopita. Mzee kalazwa kweli, ila hajafa, na mwanawe aliye ng'ambo anausoma msiba wa baba yake kwa watu asiowajua. Linaloniuma zaidi ni zile zinazoitwa hadithi, hazina mpokezi wala kitabu, chini yake tunaambiwa tuwatumie watu 10. Wallahi, kumzulia Mtume si jambo dogo!

Omar alifanyaje? Alikwenda kwa binti yake Hafsa, mke wa Mtume, akamkuta analia, naye hakujua. Akaingia msikitini, akakuta watu kando ya mimbari, baadhi yao wakilia. Machozi yale hakuyafanya ushahidi. Akaenda hadi kwenye chumba cha juu alimokuwa Mtume, akamwomba kijana wa mlangoni amwombee ruhusa. Kimya. Akarudi tena, kimya. Baada ya mara ya tatu alikuwa ameshageuka kuondoka ndipo akaitwa. Akauliza angali amesimama: umewataliki wake zako? Mtume akamwambia hapana.

Mwendo wote huo kwa swali moja. Sisi tunashindwa hata kumpigia simu mwenye msiba, au kumwuliza aliyetutumia: uliona mwenyewe? Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto.

Imam Muslim amepokea kwamba Omar hakurudi nyumbani kimyakimya na jibu lake. Alisimama mlangoni mwa msikiti, palepale watu walipokuwa wakiililia habari ile, akanadi kwa sauti ya juu kabisa kwamba Mtume hakuwataliki wake zake. Basi wewe uliyekwisha kutuma, kufuta hakutoshi. Wameshasoma na kupeleka mbele. Ukitoka hapa, kabla ya Isha, rudi kwenye grupu lilelile, uandike kwa jina lako kwamba ulichotuma hakikuwa kweli.