Kukawia Kujibu

Siku chache baada ya tarehe 15 Aprili alinijia nyumbani kijana mmoja niliyemfundisha zamani alipokuwa mdogo, naye uso umemshuka. Nalijua ya kuwa amekwisha kupata shahada ya kwanza, na ya kuwa chuo kikuu kimoja cha Marekani, upande wa mashariki wa nchi ile, kimemwandikia kwamba amekubaliwa kusomea shahada ya uzamivu, karo atalipiwa na posho ya kujilisha atapewa. Nikadhani amekuja kuniaga. Kumbe, amekuja na swali.

“Mwalimu,” akasema, “ni haki mtu kupotewa na miaka mitano ya elimu kwa ajili ya saa mbili?”

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Barua ya chuo ilimfikia tarehe 11 Machi, ikamtaka ajibu kabla ya kwisha tarehe 15 Aprili. Siku ile ya mwisho, usiku, alipoketi kuandika, mtandao ukakatika kijijini usirudi hata asubuhi. Akapeleka jibu lake tarehe 16, saa tatu ya asubuhi. Sasa, mwezi wa Aprili saa za Marekani ya mashariki ziko nyuma ya saa zetu kwa saa saba, hata saa sita yao ya usiku ni saa moja yetu ya asubuhi. Basi alikuwa amechelewa saa mbili. (Kama chuo kingalikuwa California, ambako saa ziko nyuma kwa saa kumi, angalikuwa amewahi kwa saa nzima. Na kwa hesabu ya wazee wetu, ambao siku mpya kwao huanza jua linapokuchwa, tarehe 15 ilikuwa imekwisha tangu magharibi.) Jioni ile ile chuo kikamjibu kwa maneno ya upole kwamba nafasi yake imekwisha kupewa mwingine aliyekuwa akingoja.

Nami, kama tulivyozoea sisi walimu, nikamjibu upesi kwamba sheria ni sheria.

“Lakini, Mwalimu, barua yangu ilipofika kule ilikuwa saa nane ya usiku. Ofisi imefungwa, watu wamelala, hakuna aliyepewa kitu bado. Walipofungua milango asubuhi waliikuta barua yangu imetangulia. Basi nimemkosea nani?”

Nikanyamaza, maana hilo si swali la mtoto. Mpaka kati ya siku na siku haukuumbwa pamoja na milima. Ni mapatano ya watu, na watu wa nchi mbalimbali wamepatana mbalimbali. Mtu akivuka mstari uliochorwa na wanadamu, wala asimwangushe yeyote njiani, kosa lake liko wapi?

Yafaa kwanza tujue mstari huu ulichorwa kwa ajili gani. Huko Marekani liko baraza la vyuo vinavyotoa shahada za juu, na vyuo vingi vimeyakubali mapatano yake ya kwamba mwanafunzi aliyeahidiwa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Wengi huidhani tarehe hii kuwa mtego waliotegewa wanafunzi. Sivyo. Iliwekwa iwe ngao yao, maana bila hiyo chuo kingeweza kumwambia kijana, Jibu kesho ama uikose, naye kwa hofu angelishika la kwanza kabla ya kulisikia la pili. Lakini ngao hiyo ina gharama, na mwenye kuilipa si chuo. Nafasi za namna hii ni chache, kwa kuwa kila moja hugharimiwa miaka kadha wa kadha. Kwa hiyo chuo huweka orodha ya pili, ya watu wanaongoja. Wako vijana walio na ahadi mbili au tatu mkononi, na kila ahadi wanayoishika bila kuitumia yuko mtu nyuma yake, asiyejua kama atafute kazi, au apange chumba, au afunge mizigo.

Tuseme mzee mmoja ana kishamba bondeni, akamwambia jirani yake, Ukikitaka kukilima niambie kabla ya mvua ya kwanza ya masika. Usiponiambia nitampa fulani. Jirani akae kimya. Mvua inyeshe usiku, na alfajiri aje na jembe begani kabla mzee hajatoka ndani. Ni kweli kwamba fulani hajapewa kitu bado. Lakini fulani amekuwa akitazama mawingu.

Kijana wangu akasema, “Huyo fulani hakujua kuwa nafasi imekuwa yake. Mtu adai vipi kitu asichokijua?” Nadhani aweza kukidai. Mtoto aliye tumboni aliyeachiwa shamba na marehemu baba yake hajui lo lote, na bado atakayemnyang'anya twamwita mwizi.

“Pengine ni mtoto wa tajiri,” akasema. Pengine. Pengine pia ni msichana wa Malawi au Nepali anayelea wadogo zake. Sisi hatumjui, na kwa sababu hatumjui ni rahisi sana kumsahau tunapohesabu hasara.

Lakini sitaki niwapendelee wenye ofisi. Nafasi ikiwa tupu, orodha ya pili imekwisha, wala hakuna mwenye kuingoja, kisha mkubwa amkatae mtu kwa saa mbili ili tu kuiheshimu tarehe, huyo ameusahau mwanzo wa tarehe yenyewe. Chuo kina haki ya kukataa, lakini kuwa na haki si kulazimika kuitumia kila mara. Ni kweli pia kwamba wana kazi ya kufanya baadaye: mgeni hawezi kuomba viza ya masomo mpaka chuo kimempa hati iitwayo I-20, na siku hazingoji. Kwa hiyo aliyechelewa aandike saa ile ile, aseme kweli kwa maneno machache, na kuuliza kama nafasi ingalipo. Kuuliza hakumnyimi mtu haki yake. Kijana huyu aliuliza, akajibiwa.

Hata hapo nilikuwa nimezungumza naye habari za saa mbili tu. Ndipo nikamwuliza, “Na zile siku thelathini na tano zilizotangulia?”

Akatazama chini. Kisha akanieleza kwamba wiki za kwanza alikuwa akingojea jibu la chuo kingine alichokipenda zaidi. Hilo halina lawama, maana tarehe iliwekwa kwa ajili hiyo hasa. Lakini chuo kile kilimkataa mwisho wa Machi. Tangu siku hiyo hakuwa na la kungojea. Alikuwa na mama yake, mgonjwa wa miguu, asiyeweza kuchota maji, na yeye ndiye kitinda mimba na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Akashindwa kuandika “naja”, akashindwa kuandika “siji”. “Nalisema moyoni, Mwalimu, tarehe itaamua.”

Nilipolisikia neno hilo nikaona ya kuwa mtandao si mshitakiwa mkubwa katika kesi hii. Kama angaliandika “siji” siku ya kwanza ya Aprili kwa ajili ya mama yake, nani angalimlaumu? Angaliandika “naja”, ingalikuwa haki yake vilevile. Alichotaka ni kwenda, au kubaki, pasipo kuwa yeye mwenye kuchagua, ili mama akilia au ndoto ikifa pawe na mwingine wa kulaumiwa. Kimya alikidhani si jibu. Na katika siku zote hizo hakumwuliza mama yake hata mara moja, ingawa jambo lilikuwa lake mama pia.

Nikamwambia hayo, wala hakukasirika. Alikwenda nyumbani, na yale waliyozungumza na mama yake si yangu kuyaandika hapa.

Ataomba tena. Vyuo vingi vya huko hupokea maombi ya masomo haya mwezi wa Desemba, tena hutaka barua za watu wanaomjua mwombaji. Alinipa karatasi yenye tarehe, akaniomba niwe mmoja wao. Naliiweka katika kitabu cha mahudhurio, na wiki tatu zikapita, kwa kuwa nalikuwa na madaftari ya kusahihisha, na kwa kuwa moyoni sikuwa na hakika kama nataka aende. Naliikuta jana nilipokuwa nikiita majina ya darasa. Usiku nikaiandika.