Meli, hoteli na mama asiyepatikana

Kila Desemba mabasi ya kutoka Nairobi humwaga watu Kakamega mchana na usiku. Nauli hupanda, kuku hupungua. Wanaoshuka huiita safari hiyo likizo, na kwao ni likizo kweli: watalala hadi jua liwe kali, watakula ingokho kwa obusuma, yaani kuku kwa ugali, kisha watarudi mjini na gunia la mahindi na mkungu wa ndizi. Lakini sijawahi kumsikia mama wa huku akiiita Desemba likizo. Yeye ndiye hoteli yenyewe. Ndiye mpishi, ndiye mtandika vitanda, ndiye mlinzi wa funguo za stoo, na wageni wakishaondoka ndiye anayebaki kufua mashuka.

Ndiyo maana sikushangaa chama kimoja cha akina mama upande wa Shinyalu kilipoamua kwamba akiba ya safari hii haitanunua sufuria wala viti vya plastiki. Wanataka kusafiri. Senje wangu, dada yake baba, ndiye mweka hazina, na aliniita mkutanoni kusoma karatasi. Karatasi zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwa wakala wa Nairobi: ndege hadi Dubai, kisha meli ya kitalii inayozunguka Ghuba, Abu Dhabi na Doha, inasafiri usiku na kutia nanga mchana. Ya pili ilitoka kwa hoteli ya ufuoni Diani, malazi na milo yote, kwa bei ya wakazi wa Afrika Mashariki.

Tulianza na meli kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri zaidi. Bei iliyoandikwa kwa wino mzito ni ya mtu mmoja, ila mtu huyo ni nusu ya wawili wanaolala chumba kimoja. Anayelala peke yake hutozwa karibu sawa na wawili, na chama hiki kina wajane wengi. Wakasema watalala wawili wawili, hilo likaisha. Kisha kuna bahshishi inayohesabiwa kwa kila kichwa kila siku, vinywaji, viza, na matembezi ya nchi kavu ambayo hulipiwa kando. Vyumba vya bei ya chini havina dirisha. Mama mmoja akauliza, bila kutania, atajuaje kwamba yuko baharini.

Karatasi ya hoteli ilikuwa nyepesi kusoma, lakini nayo ilikuwa na mtego wake. Bei hushuka sana kuanzia Aprili hadi Juni, masika, bahari inapochafuka na mwani kujaa ufuoni, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa ili zikarabatiwe. Kwa mtu wa Nairobi huo ni wakati mzuri wa kubahatisha. Kwa mtu wa Kakamega ni palizi. Mahindi yaliyopandwa Machi hayamngojei mtu aliyeko Diani. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akina mama hawa walikuwa wanatafuta mahali pa kuwa wageni hadi siku ya sita bila kuonyeshwa mpini, na bei nafuu inaanguka palepale jembe linaponolewa.

Hapa nitoke kando kidogo, maana kuna jambo kuhusu hoteli hizo ambalo watu wa bara tunalisahau. Hazikujengwa kwa ajili yetu. Pwani ya kusini ilijengewa Wajerumani na Waingereza waliokuja kwa ndege za kukodi, na zamani ungekuta mabango ya Kijerumani Diani kabla hujakuta ya Kiswahili. Kilichotufungulia milango ni misukosuko. Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliwatawanya wageni. Mei 2014, baada ya serikali ya Uingereza kutoa tahadhari ya usafiri, Thomson na First Choice ziliwarudisha wateja wao kwao na kufuta safari za Mombasa. Mwaka 2020 korona ilifunga anga lote. Wageni walipokimbia, mkazi wa Kenya alikumbukwa na kutangaziwa bei, na waliporudi, naona matangazo yake yalipungua. Simlaumu mfanyabiashara, lakini nadhani anayetoka Shinyalu leo na pesa za chama mkononi ana haki ya kuingia lango lile kifua mbele, bila kujiona amealikwa kwa huruma.

Meli nazo zina historia yake. Mwezi Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya kitalii Seabourn Spirit karibu na Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, na baada ya hapo kampuni nyingi ziliikwepa bahari yetu kwa miaka. Sasa zimeanza kurudi, na bandarini Mombasa pamejengwa kituo cha abiria wao. Ila anayeshuka hapo hukaa saa chache, huona Fort Jesus au hukimbizwa mbugani, na jioni honi inampigia. Huku kwetu tunalijua zoezi hilo. Pale Ilesi, kwenye Jiwe Linalolia kando ya barabara ya Kisumu, gari husimama, picha hupigwa, na kabla mtoto wa pale hajamaliza kueleza kwa nini jiwe linalia, gari limeshaondoka.

Mama mzee kuliko wote pale mkutanoni alisema kwamba meli si jambo geni. Zamani ukifika Kisumu tu, mwendo wa kilomita hamsini hivi, ungepanda meli ya Victoria, iliyojengwa Uskoti na kuanza kazi mwaka 1961, ukazunguka ziwa hadi Uganda na Tanganyika, na vyumba vya kulala vilikuwemo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ikabaki upande wa Tanzania. Leo inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, na huko Mwanza wameshusha majini nyingine mwaka 2023, MV Mwanza, ya kubeba abiria 1,200. Mwingine akakumbusha MV Bukoba, iliyozama Mei 1996 na mamia ya watu. Mjadala wa ziwa ukafungwa hapo.

Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hoteli ndiyo jibu. Hesabu zilisema hivyo, na niliona heri mtu akae mahali pamoja hadi ajue jina la anayempikia kuliko kuonyeshwa miji mitatu nyuma ya kibendera cha mwongoza watalii. Nikalisema. Senje akanisikiliza, kisha akasema anataka meli.

"Kwa nini, senje?"

"Kwa sababu ikishatoka bandarini, simu haishiki."

Nikamweleza kwamba siku hizi meli zina intaneti ya setilaiti, ila ni ghali. Akasema hiyo ndiyo habari nzuri kabisa aliyoisikia siku hiyo, kwamba ni ghali.

Mwenzake akamuuliza: ukizima simu Diani, si ni hivyo hivyo? "Nikiizima," senje akajibu, "watasema nimekufa au nimejivuna. Nikiwa baharini watasema ni mtandao."

Wote wakacheka, lakini hakuna aliyembishia. Nilianza kuwahesabia kimya kimya wanaompigia senje kwa siku: mwana anayeuliza kama pesa ya karo imefika, binti anayeuliza dawa ya ng'ombe inachanganywa vipi, kamati ya matanga inayotaka sufuria kubwa, kijana wa boda boda aliye langoni, na mimi. Kilichowekwa akiba kwa muda wote huo hakikuwa godoro laini wala samaki wa kupaka. Ni siku chache za kutopatikana, na udhuru ambao hauwezi kugeuzwa kuwa kosa.

Ukilitazama hivyo, unaelewa pia kwa nini pendekezo la waume zao lilikataliwa upesi. Waume walisema: kwani Rondo ina nini? Na kweli Rondo ni pazuri. Iko ndani ya msitu wa Kakamega, nyumba za mbao, bustani, mbega kwenye matawi, kimya ambacho watu huvuka bahari kukifuata. Mgeni wa Ulaya akilala pale huandika barua ndefu. Lakini kutoka Shinyalu hadi Rondo boda boda anatumwa kwa bei ya soda mbili tatu, na atatumwa. Mama aliyelala Rondo hajaondoka nyumbani, amehamia chumba cha mbali. Umbali ndio unaonunuliwa, na ajabu ni kwamba sisi tunaobaki ndio tunaoupandisha bei kila tunapobonyeza namba yake.

Basi nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza meli au hoteli, tukauliza hoteli inawezaje kuwa meli. Hapo kazi ikaenda haraka. Watakwenda Diani mwezi Oktoba, mahindi yakiwa yamevunwa, kusi limetulia, na bei haijaruka ya Desemba. Watapanda basi hadi Nairobi, kisha treni ya Madaraka hadi Mombasa, mabegi yote yakiwa na jina la chama. Simu zao zitabaki kwa wana wao nyumbani, zikiwa zimewashwa, ili kila anayepiga ajibiwe na mtu mwingine. Itabebwa simu moja tu, ya chama, na namba yake atapewa mtu mmoja, ambaye ni mimi.

Kilichobaki ni kukubaliana nini kitaniruhusu kuipiga. Jambo hilo lilichukua muda mrefu kuliko bei zote. Kifo cha ndugu, ndiyo. Kulazwa hospitalini, ndiyo. Kifo cha jirani kikajadiliwa hadi chai ikapoa, na uamuzi ukawa kwamba jirani atazikwa vizuri hata wakiwa Diani. Ng'ombe kuzaa kwa shida, ndiyo, kwa kura nyingi. Mume kutoona chumvi ilipo, hapana, na hilo halikupigiwa kura.