Sakafu Hii Ni ya Nani?

Niliandika makala zaidi ya arobaini kuhusu sakafu kabla sijamiliki hata futi moja ya sakafu. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama na mimi nimechoka kupigia watu simu za kuomba. Mteja alikuwa ng'ambo, na hadi leo sijawahi kuona sura yake. Alitaka maneno elfu moja kila makala: mbao gani zinafaa sebule, vigae gani vinafaa bafu, baraza la nje liwekwe nini ndiyo lisipasuke wakati wa theluji. Mimi theluji nimeiona kwa filamu tu, lakini nililipwa kwa neno, kwa hivyo niliandika.

Na nilijifunza kweli. Ukiniamsha usiku wa manane nitakuambia kwamba kigae cha poseleni kinafyonza maji asilimia 0.5 au chini ya hapo, ndiyo maana kinavumilia nje kuliko kigae cha kawaida. Nitakuambia kuna kipimo cha utelezi kinachoanzia R9 hadi R13, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyoshika mguu. Nitakuambia terazo ni vipande vya mawe vilivyochanganywa na simiti kisha vikasagwa hadi vikang'aa. Halafu kuna sentensi moja niliyoiandika mara nyingi mpaka vidole vikaijua vyenyewe: kama nyumbani kuna mzee, epuka vigae vinavyong'aa, kwa sababu vikilowa vinateleza.

Hiyo sentensi iweke kando kwanza. Tutaihitaji.

Makala hizo niliziandikia ndani ya bedsita, juu ya simiti iliyopasuka kutoka mlangoni hadi kwa sinki. Mpasuko niliufunika na mkeka wa mbao. Kama hujawahi kuishi Nairobi acha nikueleze: mkeka wa mbao si mkeka na hauna mbao. Ni plastiki nyembamba iliyochapwa picha ya mbao. Inakatwa kwa mita kama kitambaa, na ukihama unaikunja unaenda nayo. Sisi wapangaji karibu sote tunayo. Tazama video za watu wakionyesha vyumba vyao kabla na baada ya kuvipamba, utaiona tu, pamoja na ukuta wa kijivu, taa za nyuzi na ua la plastiki pale kando ya kitanda.

Wazee hutucheka, ati tunapamba nyumba za wenyewe. Mimi sioni kosa. Chumba cha kupanga hukukumbusha kila mwisho wa mwezi kwamba wewe ni wa kupita. Kuweka kitu kizuri chini ya miguu yako ni kukataa kuishi kama mzigo ulioachwa stoo. Tena swali la mkeka wangu lilikuwa rahisi kujibu. Ulikuwa wa nani? Wangu. Mimi ndiye niliyeulipia, mimi ndiye niliyeukanyaga, na ulipoanza kujikunja kwenye kona ni mimi niliyejikwaa.

Mambo yaligeuka magumu nilipotaka kupamba sakafu ya mtu mwingine.

Kwetu ni Bungoma, na nyanya tunamwita Kukhu. Nyumba yake ni ya udongo yenye mabati, na miaka yote ya utoto wangu ilikuwa chini ya udongo pia. Kila Jumamosi Kukhu alichanganya samadi mbichi ya ng'ombe, udongo na majivu kidogo, akapiga magoti, akapaka kwa kiganja akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Aliacha alama za nusu duara, moja juu ya nyingine, kama magamba ya samaki. Ikikauka hainuki. Watu wa mjini hawaniamini nikisema hivyo, lakini hainuki.

Sasa, sitaki kuisifia sakafu hiyo kama mtalii. Vumbi la chini ya udongo ndilo makao ya funza, na mtoto aliyewahi kuchokolewa funza kwa pini hawezi kukuandikia shairi kuhusu udongo mtakatifu wa mababu. Kuna mahali hili jambo limepimwa. Mwaka 2000, jimbo la Coahuila huko Meksiko lilianza mpango ulioitwa Piso Firme, wa kuzipa familia simiti ya kufunika sakafu za udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto wa nyumba hizo walipungukiwa na minyoo, kuhara na ukosefu wa damu, na mama zao walisema wameridhika zaidi na maisha. Rwanda nako shirika la EarthEnable hushindilia udongo na changarawe, kisha hupaka mafuta ya mimea yanayoganda, sakafu ikawa ya kuosheka bila simiti. Kwa hivyo kutaka kumtoa Kukhu kwenye udongo halikuwa wazo baya. Wazo lilikuwa zuri. Kilichonitia mashakani ni njia niliyopita.

Neno lenyewe, sakafu, limetoka kwa Kiarabu, ambako saqf ni paa. Ukifikiria nyumba za mawe za Lamu au Unguja utaelewa: paa la mtu wa chini ndilo sakafu ya mtu wa juu. Juu ya boriti walimwaga chokaa na vijiwe, watu wakakusanyika kuipiga kwa vijiti huku wakiimba, hadi ikashikana. Neno lilizaliwa kwenye nyumba za wenye uwezo. Sisi, nikiwa mdogo, hatukusema tuna sakafu. Tulisema "chini". Kaa chini, fagia chini, imeanguka chini. Nilipofika shule ya bweni na kuona simiti nyekundu iliyopigwa nta ndipo nilipojua kwamba kwetu hakuna sakafu, na nikaanza kuona aibu.

Aibu hiyo ndiyo iliyoenda na mimi hadiwea.

Mwaka jana mteja alinipa kazi kubwa na akalipa yote mara moja. Nikampigia Kukhu kumuuliza anataka nimfanyie nini. Hakufikiria hata kidogo. "Pale nje, kwa tangi la maji, niwekee simiti," akasema. "Mvua ikinyesha pananitelezesha." Nikamwambia sawa, Kukhu, hesabu imefanyika.

Halafu nikaingia hadiwea nikaona vigae vyeupe kama maziwa, vinang'aa hadi unaona uso wako. Pesa yangu ingetosha sehemu moja tu, nje au sebuleni. Nikaiona sebule. Nikaona wageni wakivua viatu mlangoni. Nikaona picha. Kando ya vile vyeupe kulikuwa na vingine vya rangi ya udongo, vimekwaruza kidogo, bei karibu ile ile. Nilivijua. Nilikuwa nimeviandikia aya nzima za kuvisifu. Nikavipita nikaenda kulipia vyeupe.

Fundi alichimba, akajaza mawe, akamwaga zege, akapanga vigae. Ilichukua siku tano. Ya sita nikapiga picha, mlango ukiwa wazi na jua linaingia, nikaweka kwa status. Watu walinipongeza hadi usiku. Ati kijana hakumaliza chuo lakini angalia. Kukhu alisimama mlangoni akatazama kwa muda. "Ni kama hospitali," akasema. Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Aprili mvua ndefu ikaja. Kukhu akatoka kuchota maji kwa tangi, akakanyaga tope lile lile aliloniambia, akarudi ndani na malapa yake yamelowa. Hatua ya pili ndani ya mlango, mguu ukaenda. Akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, ule wa kupakia sakafu. Tope nililokataa kulishughulikia nje ndilo lililoingia ndani kwa miguu yake na kukutana na kigae changu.

Nilipokuwa kwa basi naenda kumwona, laptopu ilikuwa kwa mapaja kwa sababu kulikuwa na makala ya kumaliza. Nikafika kwenye ile sentensi. Kama nyumbani kuna mzee.

Chuoni nilikaa muda wa kutosha kusikia mjadala mmoja ambao haujanitoka. Socrates alidai kwamba hakuna mtu anayetenda baya akijua ni baya; akikosea, basi hakujua. Aristotle akasema hapana, watu hujua na bado hukosea, na akamfananisha mtu huyo na mlevi anayekariri mashairi ya hekima: maneno anayo, lakini hayafanyi kazi ndani yake. Darasani nilimcheka huyo mlevi. Kwa basi sikucheka, maana mlevi mwenyewe alikuwa amelipwa kwa neno.

Lakini hata Aristotle hanitoshi. Sikuwa nimelewa, na sikuzidiwa na tamaa pale hadiwea. Nimejichunguza sana nikaona jambo moja baya zaidi. Kila nilipoandika "mzee", kichwani nilimwona mama mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe, nyumba ya ghorofa mbili, ana bima. Yeye ndiye niliyekuwa namlinda asianguke. Kukhu hakuwemo kwenye hiyo sentensi. Maarifa yangu yalikuwa ya kuuza nje, kama kahawa ile nzuri tunayoilima halafu sisi tunakunywa ya makombo. Kukhu nilimwekea kitu kingine kabisa: aibu yangu na picha yangu.

Baba mdogo aliniambia niache kujisumbua. "Ajali ni ajali. Kwani ungemwacha kwa matope? Kutoa ni moyo." Nakubali kwamba kutoa ni moyo. Ila methali inasema usambe ni utajiri, haisemi usambe ni kuonekana. Wengine wameniambia mganga hajigangi, na hiyo nayo ni njia rahisi sana ya kutoka. Mganga asiyejiganga anaumia mwenyewe. Hapa mganga alipona na bibi ndiye aliyefungwa plasta.

Tangu hapo naziona sakafu vibaya. Panda ngazi za ploti nyingi za hapa Nairobi siku ya mvua. Vigae vinang'aa, mtu anashikilia ukuta, watoto wanateremka kwa makalio. Nani alivichagua? Vilichaguliwa kwa ajili ya mtu atakayekuja mara moja kuangalia nyumba, aone pako safi, alipe dipositi. Mtu atakayezipanda kila siku na gesi begani hakufikiriwa. Au muulize mama fua ni sakafu gani anaichukia. Atakuambia ile nyeupe, kwa sababu inaonyesha kila unyayo na lazima ipigwe deki mara mbili. Yeye hulijua kila kigae kwa magoti yake, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita hadiwea atoe maoni.

Ndiyo maana naona kuchagua sakafu ya mtu mwingine ni jambo la maadili, hata kama magazeti huliweka kwenye ukurasa wa mitindo. Ukuta mtu huutazama. Sakafu humbeba. Anaikanyaga akiwa na usingizi, akiwa mjamzito, akiwa mgonjwa, usiku akitafuta choo bila stima. Ukimchagulia kwa kufuata macho yako, umeuchezea mwili wake. Tena kumuuliza pekee hakutoshi, maana mimi niliuliza. Nilipewa jibu la wazi kabisa, nikalibadilisha na jibu nililolipenda, halafu nikaliita zawadi.

Agosti nilirudi na pesa ya nje. Fundi yule yule akamwaga simiti kutoka kwa tangi hadi kizingiti cha mlango, na kabla haijakauka akaburuta ufagio juu yake, ikabaki na mistari. Kukhu akainama akaigusa kwa mkono uliopona. "Hii inashika," akasema. Nikakumbuka zile nusu duara zake za kila Jumamosi. Miaka yote nilidhani ni urembo tu.

Nikamwambia nitavitoa vile vigae vyeupe. Hapo ndipo aliponishangaza. Akakataa kabisa. "Uvitoe, majirani waseme tumefilisika?" Kwa hivyo siwezi kumalizia kwa kusema vigae havikumpa chochote. Kuna kitu vilimpa, na si haki yangu kumwambia kitu hicho ni cha bure, hasa mimi niliyekuwa wa kwanza kukitaka.

Siku za kawaida amevifunika na magunia kutoka ukuta hadi ukuta. Siku ya wageni anayaondoa mapema asubuhi, anakaa kwa kiti chake, na hainuki mpaka waende. Nikiwa nyumbani, chai nabeba mimi.