Wajibu kwa Mdudu Asiyejulikana Hali Yake

Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ina daraja la "taarifa pungufu", la spishi ambazo hatari yao ya kutoweka haiwezi kukadiriwa. Wadudu waliopewa majina ya kisayansi ni takriban milioni 1. Waliotathminiwa hawafiki asilimia 2, na si wachache kati yao wamo katika daraja hilo.

Je, mtu ana wajibu kwa kiumbe asichokijua? Wapo wanaojibu kuwa wajibu hufuata ujuzi: asiyejua halaumiwi. Hoja hiyo huondoa lawama tu. Madhara hubaki palepale. Katika Kurani, sura ya An-Naml, chungu anawaonya wenzake waingie makaoni wasije wakapondwa na majeshi ya Sulaiman pasipo majeshi hayo kutambua. Majeshi hayatuhumiwi nia mbaya, lakini kukanyagwa ni kukanyagwa. Mwaka 1979 mwanafalsafa Hans Jonas alishauri kwamba pasipo na uhakika, utabiri wa shari upewe uzito zaidi.

Kweli, tahadhari isiyo na mipaka ingezuia hata kulima shamba. Hata hivyo, miongozo ya IUCN yenyewe inakataza kuzihesabu spishi zenye taarifa pungufu kuwa salama.